Biskuti za mkaa, vileja na chupa ya uji: majibu kwa wasomaji wa safu ya jikoni

Barua za mwezi huu nimezisoma mara mbili mbili. Hakuna hata moja iliyouliza chakula cha kujilia peke yako. Kila mmoja ana mtu anayetaka kumpikia. Kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nyingine nimezijibu kwa kirefu, nyingine kwa maneno machache, kwa kadiri jambo lenyewe lilivyo.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi hapa Mwanza. Tunaishi wanne kwenye chumba cha kupanga, tuna jiko la mkaa na la gesi dogo la plate moja. Oveni hatuna. Wenzangu wamenivumilia sana mwaka huu nilipoumwa, nataka niwapikie biskuti za nyumbani tukimaliza mitihani. Inawezekana? — Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na wala usione unafanya jambo la kubabaisha. Biskuti za mkaa ndizo za asili kwetu. Oveni imekuja baadaye.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau. Nilikuwa na oveni ya umeme, nikaizoea, mpaka Unguja ilipokosa umeme miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakati huo tulikuwa tunakaa Michenzani, ghorofani. Oveni ikageuka kabati la kuwekea sufuria. Bibi yangu, ambaye alikuwa ameshakuwa mtu mzima sana, akaniambia nitoe seredani nje roshani, yaani hilo hilo jiko la mkaa, akakaa kwenye kigoda akinielekeza kwa kidole. Ninayokuandikia hapa ni aliyonifundisha wakati ule.

Pika nankatai. Ni biskuti laini za samli, zilikuja na watu wa Gujarati na siku hizi pwani nzima ni zetu. Unahitaji unga wa ngano vikombe viwili, sukari nusu kikombe na kidogo juu yake, samli theluthi mbili za kikombe (kama gramu 150), iliki punje za maganda sita, beking pauda nusu kijiko cha chai na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kama dukani kuna ile ngano ya chengachenga wanayoiita suji, tia vijiko viwili vya chakula, zitapata ukwaru mzuri mdomoni. Kama hakuna, usihangaike.

Sukari itwange kwenye kinu pamoja na iliki mpaka iwe laini. Sukari nzima haiyeyuki vizuri ndani ya samli, utaikuta inalia kwenye meno. Halafu weka samli na sukari kwenye bakuli na uipige kwa kiganja, kwa kuzungusha upande mmoja, mpaka igeuke nyeupe na iwe kama malai. Hapa ndipo kazi ilipo, dakika kumi si nyingi. Wapokezane wenzako.

Samli yako lazima iwe imeganda kidogo, kama mafuta ya kupaka. Usiiyeyushe. Mimi siku ya kwanza niliiyeyusha kwa haraka zangu, nikatia unga, donge likawa laini, nikapanga nankatai ishirini kwenye sinia. Nilipofunua kifuniko nilikuta kitu kimoja kilichotandaa sinia zima. Nililia, maana samli ilikuwa ghali siku zile. Bibi akachukua kisu, akaikata ingali moto vipande vya pembe nne, akavipanga kwenye sahani, akaifunika kwa kawa na kuniambia nipeleke nyumba ya chini. Sahani ilirudi jioni na vipande vya papai. Mpaka leo nikikumbuka miezi ile ya giza, hicho ndicho kinachonijia kwanza.

Basi, samli ikishakuwa nyeupe, chekecha unga juu yake na beking pauda, kusanya kwa vidole tu. Usikande kama chapati. Ukikanda, unga wa ngano unavutika na biskuti inakuwa ngumu. Donge likishikana, liweke mahali pa baridi nusu saa. Bakuli ndani ya beseni la maji ya baridi linatosha. Fanya viduara vya ukubwa wa ndimu ndogo, vibonyeze katikati kwa dole gumba, bandika korosho au nusu ya karanga.

Sasa moto. Chukua sufuria pana na nene, ya zamani, kwa sababu inakwenda kupata moto mkavu bila maji. Tandaza chini mchanga safi uliooshwa na kukauka, unene wa kidole kimoja. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe sahani ya bati yenye nankatai zako. Funika kwa kifuniko bapa au sinia. Mkaa chini uwe kidogo, umeshashika majivu. Mkaa wa juu ya kifuniko uwe mara mbili yake. Bibi alikuwa akisema “palia juu, chini onya tu”. Watu wengi huunguza chini kwa sababu wanafanya kinyume.

Kabla hujaingiza biskuti, acha sufuria ipate moto dakika kumi, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye sahani tupu na ufunike. Hesabu polepole mpaka thelathini, ufunue. Unga ukiwa mweusi, punguza mkaa. Ukiwa mweupe vilevile, ongeza juu. Ukiwa na rangi ya mchanga wa pwani, ingiza. Dakika kumi na tano mpaka ishirini. Zikitoka zitakuwa laini kama hazijaiva, usizirudishe! Ziache hapo hapo kwenye sahani zipoe, zitakaza zenyewe.

Na hili nakuomba kama mama: jiko la mkaa liwe nje, uwanjani au varandani penye hewa. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Siku ya mvua tumia gesi: mchanga uleule, moto wa chini kabisa, nankatai zitaiva ila juu zitabaki nyeupe. Utamu ni uleule.

*Assalamu alaykum dada. Nipo Muscat miaka mingi, asili yetu Unguja. Kila nikipika vileja vya mchele kwa ajili ya wageni wa Ijumaa, vinakuwa vizuri kwenye oveni lakini ukivishika vinamwagika kama mchanga. Vya marehemu mama vilikuwa vinashikana mpaka uvitie mdomoni, ndipo viyeyuke. Nakosea wapi? — Msomaji, Muscat*

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Mama yako alikuwa anavipatia. Kileja sifa yake ndiyo hiyo, kishikane mkononi na kiyeyuke ulimini. Na hizo pande mbili zinavutana kweli. Unga wa mchele hauna ule mvutano ulio kwenye ngano, kwa hiyo hakuna kinachoushika isipokuwa samli, yai, na ulaini wa unga wenyewe.

Nadhani tatizo lako liko kwenye unga. Je, unanunua wa pakiti? Huo mara nyingi umekauka sana na una chenga ndogo ambazo jicho halizioni. Mama yako, kama alikuwa wa rika la bibi yangu, alikuwa akiosha mchele, akiuroweka usiku, akiuchuja asubuhi na kuuanika juu ya kitambaa mpaka ukikauka nje lakini ndani bado una ubichi kidogo. Ndipo unatwangwa na kuchekechwa, na chenga zinarudi kinuni. Unga wa namna hiyo ukiufinya kwenye ngumi unabaki na alama za vidole. Wa pakiti ukiufinya unakimbia.

Siku hizi blenda inafanya kazi ya kinu, kidogo kidogo, na chekeche la macho madogo kabisa. Jaribu mara moja uone tofauti. Kama muda huna na lazima utumie wa pakiti, changanya donge kisha ulifunike na uliache saa nzima, unga unywe yai na samli. Watu huruka hapa kwa sababu donge linaonekana limeshakuwa tayari. Halijawa.

Vipimo vyangu: unga wa mchele gramu 500, samli 250, sukari ya kusaga 250, mayai matatu, iliki ya kusaga kijiko cha chai, beking pauda nusu kijiko. Piga samli na sukari, tia yai moja moja, unga mwisho. Viringisha, bonyeza kwa uma, oveni nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Kileja hakitakiwi kuwa cha kahawia. Kikipata rangi juu, kimeshapita. Chungulia chini yake: ukiona ukingo umeanza kuwa wa dhahabu, toa.

Halafu usikiguse! Kileja cha moto hata angekipika mama yako kingevunjika. Samli ikiwa bado imeyeyuka hakuna kinachokibeba. Kwa kuwa huko mna kiyoyozi, viache siniani kwenye chumba baridi mpaka vipoe kabisa, ndipo uvihamishe kwa kisu bapa. Ukimaliza niandikie tena, nataka kujua kama umeukuta ule utamu wa mama.

*Mama, naweza kutumia siagi ya kopo badala ya samli? Samli Tanga imepanda. — Mama wa Mapacha, Tanga*

Unaweza kwa nankatai, si kwa vileja. Siagi ya kopo ina maji ndani yake, samli karibu yote ni mafuta matupu. Maji yale yanaifanya biskuti iwe kama keki kavu. Ongeza vijiko viwili vya unga, na usitie yai. Ukipata samli kidogo tu, changanya nusu kwa nusu, harufu utaipata.

*Kwenye kikundi chetu cha kina mama kuna mwenzetu mwenye kisukari. Kila tukikutana anakaa anatuangalia tunakula kaimati. Nimuandalie biskuti za asali? — Msomaji, Kigamboni*

Asante kwa kumuona. Lakini asali mwilini ni sukari vilevile, na unga mweupe nao hugeuka sukari, kwa hiyo biskuti ya asali haitamsaidia. Muulize mwenyewe pembeni, si mbele ya watu, anakula nini na kiasi gani. Anajua alivyoambiwa na daktari wake.

Kisha pikeni kitu ambacho kikundi kizima kitakula, asitengewe sahani ya mgonjwa. Bajia za kunde kwa mfano. Roweka kunde usiku, zifikiche ganda litoke, zisage nzito pamoja na kitunguu, thomu na pilipili mbichi bila kuzidisha maji. Zipige kwa mwiko mpaka donge liingie hewa na kuwa jepesi. Tone ulilotia kwenye bakuli la maji likielea, ziko tayari. Kaanga mafuta yakiwa ya moto sawasawa zisije zikayanywa. Chatne ya nazi kando. Kaimati zije siku nyingine.

*Habari mama. Mechi za watani wa jadi zinaangaliwa kwangu, tunakuwa sita. Siku zote tunaagiza chakula nje na fedha inakwisha. Nataka kupika mwenyewe chipsi mayai lakini zikifika za mtu wa sita, wa kwanza ameshamaliza. — Kijana wa Sinza*

Salama mwanangu. Hongera kwa kutaka kupika. Kosa ni kuanza na viazi vibichi wakati watu wameshakaa.

Asubuhi menya viazi kumi na viwili vya wastani, kata, osha maji mawili matatu mpaka yatoke safi, kausha kwa kitambaa. Vikaange kwa moto wa kadiri mpaka viwe laini bila kupata rangi, vitoe, vitandaze. Vinaweza kukaa hivyo mpaka alasiri. Dakika ishirini kabla ya mpira kuanza pasha mafuta yachemke sana, virudishe dakika mbili tatu tu vipate rangi. Hiyo safari ya pili ndiyo inayovifanya viwe vikavu nje.

Usipike sahani moja moja. Tumia kikaango kikubwa, mayai sita pamoja na nusu ya chipsi zako kwa mkupuo mmoja. Piga mayai na chumvi, mimina juu ya chipsi zikiwa kikaangoni na mafuta kidogo, punguza moto, funika. Upande wa chini ukishika, weka sahani kubwa juu ya kikaango, shikilia kwa kitambaa, pindua kwa mara moja bila kusitasita, kisha teleza upande mbichi urudi kikaangoni. Kata kama unavyokata keki. Mikupuo miwili, watu sita wanakula pamoja. Kachumbari ikatwe mapema ila chumvi na ndimu zitiwe mwisho, nyanya zisitoe maji.

*Habari za kazi dada. Rafiki yangu amefiwa na mama yake wiki mbili zilizopita. Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu na vyakula. Sasa wote wameondoka, yuko peke yake na mtoto, na hali chochote. Mimi si mpishi. Nimpelekee nini? Naogopa kwenda na kitu kibaya. — Rafiki, Moshi*

Nzuri mdogo wangu. Nimeiacha barua yako mwisho ili niiandikie nikiwa nimetulia.

Umeona jambo ambalo wengi hatulioni. Kwetu siku tatu za mwanzo mfiwa hapiki, majirani wanapika, masufuria yanapangwa uani, khitma inasomwa. Siku ya nne watu wanakunja mikeka na kurudi makwao. Jiko la nyumba ile linakuwa limepoa, na mwenye msiba hana nguvu ya kuliwasha.

Mtu mwenye huzuni kutafuna humchosha. Pilau, hata iwe nzuri namna gani, ataitazama. Mpelekee kitu cha kunywa au cha kumeza bila kazi, cha moto, na kidogo. Nyinyi huko mna mtori, na unaujua kuliko mimi. Ule anaopewa mzazi, ndizi zikapondwa mpaka ziwe laini na supu ya nyama. Kama unaweza mtori, pika mtori, maana huenda mama yake naye alikuwa akimpikia.

Kama huuwezi, pika uji wa pilipili manga. Hauhitaji upishi. Unga wa mtama nusu kikombe, ukoroge kwenye maji ya baridi kikombe kimoja usiwe na madonge. Chemsha maji vikombe viwili pamoja na tangawizi kipande cha kidole kilichopondwa, iliki nne na chumvi kidogo sana. Mimina ule unga huku unakoroga, punguza moto, uache utokote dakika kumi na tano ukikoroga mara kwa mara. Mtama usipoiva unakwaruza koo. Halafu tia pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo, nusu kijiko cha chai. Ya kusagwa zamani haina harufu. Mwisho tia kasimile, lile tui la mwanzo zito, kikombe kimoja, na sukari. Koroga mpaka lianze kuchemka, epua, lisije likakatika. Uwe mwepesi wa kunyweka kwa kikombe.

Utie kwenye chupa ya chai. Na mtoto mbebee kitu chake, hata ndizi na mkate wa siagi; ukimuona mtoto amekula, na yeye atapumua.

Usimuulize “nikuletee nini?” Hatajua. Wala “ukihitaji chochote niambie”, hatakwambia. Nenda tu, mimina kikombe kimoja, kiweke mkononi mwake, kaa. Ukiona vyombo kwenye beseni, vioshe. Kama hataki kuzungumza msizungumze. Asipokunywa leo usimlazimishe, iache chupa imefungwa, uji utakuwa bado una moto usiku atakapoamka.

Nakwambia haya kwa sababu nilifanyiwa. Mama yangu alipofariki, jirani yangu mmoja alikuja kila siku baada ya magharibi kwa wiki nzima, na chupa ya kijani yenye mfuniko uliokatika kishikio. Sikumbuki aliniambia nini. Sidhani kama alisema chochote zaidi ya salamu. Nakumbuka kikombe kilikuwa cha moto na pilipili manga ilinifanya nitokwe na makamasi, nikapata kisingizio cha kulia. Siku mbili za mwanzo sikunywa. Siku ya tatu nilikunywa chote.

Siku ya nane nikaiosha ile chupa. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mle ndani sikuwa na cha kutia, basi nikatwanga sukari na iliki, nikatoa samli kabatini na kupalia mkaa juu ya sufuria. Nankatai kumi na mbili, nikazifunga kwenye kitambaa na kuzifungia shingoni mwa chupa. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasha jiko tangu tutoke kaburini.